Jicho Juu ya Mlingoti

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa nangani mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, mitambo yake imefunguliwa ili itengenezwe. Ilikuwa meli iliyoshushwa majini mwaka 1897, na safari za mfululizo tangu vita vianze zilikuwa zimeichosha. Mkuu wake, John Ingles, hakuwa mjinga. Alijua kwamba mahali fulani katika bahari hii ilikuwamo Königsberg, manowari ya Kijerumani yenye mbio kuliko yake na mizinga inayofika mbali zaidi. Mwezi Agosti ilikuwa imeikamata meli ya mizigo City of Winchester karibu na pwani ya Omani, kisha ikapotea. Kwa hiyo Ingles aliweka mlinzi: tagi iitwayo Helmuth, waliyowanyang'anya Wajerumani, ikakaa kwenye mlango wa kusini, ule ambao vyombo vitokavyo Dar es Salaam huingilia baada ya kuupita mnara wa Chumbe. Tagi moja na macho ya watu waliokuwamo ndiyo yaliyokuwa maandalizi yote ya kupata habari mapema.

Saa kumi na moja na nusu hivi mizinga ikaanza kulia. Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilifyatua kutoka kilomita nane hivi. Makombora ya Pegasus yalianguka majini kabla hayajaifikia. Hata kabla saa moja haijatimia, mizinga ya Waingereza ilikuwa imenyamaza, mabaharia zaidi ya thelathini wameuawa au wanakata roho, na Mjerumani anageuza omo kurudi kusini. Njiani alitupa mapipa yaliyojazwa mchanga ili watu wadhani ametega mabomu ya baharini. Pegasus ilizama siku hiyohiyo alasiri. Makaburi ya watu wake yapo katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mizingani, na watalii wanaokwenda kuogelea huko huyapita wakiwa na mataulo mabegani.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mizinga: nani alikuwa na mirefu, nani mifupi. Mimi nakisoma kama kisa cha upeo wa macho. Pegasus ilipigwa kwa sababu ilijua dakika chache mno kabla ya kupigwa, na hakuna mzinga ambao ungeweza kulitibu hilo.

Hesabu yake ni nyepesi. Dunia ni mviringo, kwa hiyo bahari huinama mbele yetu na kuficha kilicho mbali. Chukua urefu wa jicho lako kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.6, utapata kwa kilomita umbali ambao bahari huishia machoni pako. Mtu aliyesimama kwenye ukuta wa Forodhani, jicho lake mita mbili juu ya maji, anaona kilomita tano. Baharia aliye juu ya mlingoti, mita thelathini, anaona karibu kilomita ishirini. Mabaharia wa majahazi walilijua jambo hili bila kipeuo: wakikisia kuwa nchi kavu iko karibu, kijana mwepesi hupanda mlingotini hadi penye foromali, na neno lake ndilo linalosikilizwa tezini.

Sasa panda zaidi. Kwenye mita 600 upeo unasogea hadi kilomita 88. Kwenye mita 3,000 unakaribia kilomita 200, na ukitumia rada badala ya jicho unaongezeka tena hadi kama 225, kwa kuwa mawimbi ya redio hupinda kidogo kufuata hewa. Königsberg ilitokea kwenye delta ya mto Rufiji, yapata kilomita 180 kusini mwa Mji Mkongwe. Kwa maneno mengine, rada ambayo ingekuwa inaelea mita 3,000 juu ya Shangani usiku ule ingeweza kuiona meli ile ikichomoza kwenye midomo ya mto.

Kilomita hizo inafaa zigeuzwe saa, maana saa ndizo alizokuwa akizihitaji Ingles. Meli ya mvuke ambayo matanuri yake yamepoa haiondoki kwa kuwashiwa kiberiti. Inataka saa kadhaa kupata nguvu ya kujiendesha. Königsberg ikienda kwa mbio zake zote, kama kilomita 44 kwa saa, ilihitaji saa nne kufika Unguja. Aliye juu ya mlingoti, tena mchana kweupe, angempa Ingles nusu saa. Usiku asingempa chochote. Kati ya nusu saa na saa nne ndipo lilipo somo zima la sura hii, na ndipo zilipo fedha zote ambazo majeshi ya wanamaji yamezimwaga kwa zaidi ya miaka mia kutafuta namna ya kulipandisha jicho kutoka kwenye meli.

Waingereza walianza kuzimwaga hapahapa kwetu. Mwishoni mwa Oktoba 1914 manowari Chatham iligundua kwamba Königsberg imejificha ndani ya Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa haziwezi kuingia na ambapo kutoka baharini huoni ila majani. Palihitajika mtu wa kutazama kutoka juu. Akapatikana rubani wa kiraia wa Durban, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege-boti ya Curtiss, yaani ndege ambayo mwili wake ni mashua. Ilipakiwa kwenye meli Kinfauns Castle, ikaletwa hadi Niororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia, na huko ikashushwa majini.

Safari ya kwanza alipotea akatua kwenye kisiwa kisicho na watu. Rejeta ilipoharibika, meli ilikwenda Mombasa kutafuta nyingine, ikarudi na ya gari la Ford. Mwili wa ndege ulipovunjika, ulitafutwa mwingine Durban. Katikati ya taabu hizo, Novemba, Cutler aliruka juu ya delta akaiona Königsberg kwa macho yake, na aliporuka tena alimchukua ofisa wa jeshi ili asibishiwe. Desemba injini ilimwangusha mtoni, na Wajerumani wakamkamata.

Waliofuata walikuwa wanajeshi wa anga wa jeshi la wanamaji, wakiongozwa na John Cull. Februari 1915 walileta ndege mbili za Sopwith zenye maboya ya kuelea. Joto na unyevu wa pwani viliwashinda: gundi iliyoshikilia mbao iliachia, maboya yalivuja, rafadha zilipasuka. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi haibebi. Injini zilizotosha Ulaya hapa hazikuweza kumpandisha rubani pamoja na mtazamaji na mabomu. Aprili zikaja ndege za Short, nazo zikapiga picha ya Königsberg kutoka juu, lakini zilipanda mita mia mbili hivi tu, kiasi cha kupigwa na bunduki za kawaida.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wanaopenda historia ya vita hukimbilia mwisho, kwenye mapigano, na kuziacha rejeta na gundi. Kwangu mimi rejeta na gundi ndiyo habari yenyewe. Ukitaka kurusha jicho kutoka melini una mambo matatu ya kuridhisha kwa wakati mmoja: lipande juu ya kutosha, libebe vyombo na watu wa kutosha, na liondoke na kurudi mahali padogo. Ndege za Niororo zilitimiza la tatu kwa kuelea majini, lakini yale maboya ndiyo yaliyoiba uzito na urefu. Kila kifaa nitakachokitaja baadaye, hadi kile cha kisasa kabisa, kimefanya biashara hiyohiyo kwa bei nyingine.

Waingereza waliimaliza kwa kuikimbia. Walikuwa wameiteka Mafia mwezi Januari, wakasafisha uwanja kisiwani, na Juni wakaleta ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron, zisizobeba maboya wala kuhitaji bahari tulivu. Pamoja nazo zilikuwapo manowari mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil zitumike mitoni na ziliweza kuingia Rufiji. Kazi ya ndege ilikuwa kuelea juu ya Königsberg na kuziambia manowari hizo, kwa redio, makombora yao yanaanguka wapi.

Tarehe 6 Julai walishindwa. Meli zote mbili zilifyatua kwa pamoja, na mtazamaji aliye juu hakuweza kujua mmwagiko upi wa maji ni wa kombora la nani. Alikuwa anaona kila kitu, na alichokiona hakikumsaidia mtu. Tarehe 11 Julai walirudi wakiwa wamejifunza: meli moja ifyatue, nyingine isubiri. Cull alikuwa usukani, na Harwood Arnold mtazamaji. Ndege ilipigwa, injini ikafa. Walipokuwa wanateremka kwa upepo tu, Arnold aliendelea kutuma marekebisho kwa redio, na makombora ya Severn yakaanza kuipata Königsberg sawasawa. Ndege ilitua mtoni karibu na Mersey ikapinduka, wote wawili wakaokolewa. Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe, kisha wakaitoa mizinga yake kumi wakaiburuza nchi kavu, ambako Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, aliitumia miaka mingine. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na pembeni yake uko mzinga wa Pegasus.

Siku hizo mbili za Julai ndizo zinazoeleza kwa nini jeshi la wanamaji haliridhiki na rada peke yake angani. Linataka pia watu au mashine za kupambanua: hiki ni chetu, kile si chetu, wewe nenda, wewe ngoja.

Rada ilipokuja, hesabu ya upeo haikubadilika. Rada ya melini huwa juu ya mlingoti kama yule baharia, na hufungwa na mviringo uleule wa dunia. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani, wakisumbuliwa na ndege za Kijapani zilizojitupa juu ya meli zao, walitundika rada kubwa, APS-20, chini ya tumbo la ndege ya Avenger. Mradi huo uliitwa Cadillac. Rada hiyohiyo Waingereza waliipa ndege yao ya Gannet, na Gannet zilifika bahari yetu. Mwaka 1966, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru, manowari za kubeba ndege Ark Royal na Eagle zilizunguka mbele ya Beira kuzuia mafuta yasiingie. Eneo la kutazama lilikuwa kubwa, na Gannet zilikuwa sehemu ya macho yake. Wasomaji wa umri fulani Dar es Salaam watakumbuka manowari nyingine ya aina hiyo, Centaur, ambayo helikopta zake zilishusha makomando kuzima maasi ya askari kambi ya Colito, leo Lugalo, alfajiri ya tarehe 25 Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mwaka 1978 Ark Royal hiyohiyo ikamaliza kazi, na Gannet zikaondoka nayo. Waingereza walibaki na meli ndogo za kubeba ndege, zisizo na manati ya mvuke ya kuzirusha. Walisema watakuwa wakipigana karibu na Ulaya, chini ya rada za nchi kavu. Tarehe 4 Mei 1982 walikuwa kwenye visiwa vya Falkland, mbali kabisa na rada yoyote ya nchi kavu. Ndege za Argentina zilikuja zikiparaza mawimbi, zikachomoza juu ya upeo kwa muda mfupi, zikafyatua makombora ya Exocet. Sheffield ikapigwa, wakafa mabaharia 20.

Fanya tena ile hesabu. Rada iliyo mita 25 juu ya maji, na kombora linaloruka mita tatu juu ya mawimbi: vinaonana kwenye kilomita 28 hivi. Kombora likienda mita 300 kwa sekunde, mabaharia wana dakika moja na nusu, tena ikiwa hakuna hata mmoja aliyesita. Rada ileile ikiwa mita 7,500 juu ingekuwa na zaidi ya dakika ishirini za kuifuata ndege iliyolibeba, na pengine kuizuia kabla haijafyatua. Ingles alikosa saa, Sheffield ilikosa dakika.

Kwa haraka ya msiba, mafundi wa Kiingereza walichukua rada ya Searchwater, wakaifunga ubavuni mwa helikopta ya Sea King ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa kinachojazwa hewa, ikawa inateremshwa chombo kikishapaa. Kazi ilichukua majuma kumi na moja. Vita viliisha tarehe 14 Juni, nazo helikopta hizo zikafika Agosti. Hata hivyo wazo lilikaa, na hadi leo Waingereza wanatumia helikopta: Merlin yenye mfumo wa Crowsnest, iliyosafiri na Queen Elizabeth mwaka 2021. Wahindi nao wana Kamov Ka-31, ya Kirusi, yenye bamba la rada linalokunjuliwa chini ya tumbo.

Helikopta inafaa kwa sababu inashuka popote penye sitaha. Bei yake ni urefu, mbio na muda. Rota inayoibeba angani ndiyo hiyohiyo inayolazimika kuisukuma mbele, na kadiri hewa inavyopungua juu ndivyo inavyohangaika. Upande wa pili iko Hawkeye ya Marekani, ndege ya mabawa yenye sahani ya rada ya mita saba juu ya mgongo, ambayo hupanda zaidi ya mita 7,500 na kukaa huko saa nyingi. Bei yake ni meli: inataka manati na waya za kuikamata inapotua. Nje ya Marekani, Wafaransa ndio wanaoirusha Hawkeye kutoka melini, kwenye Charles de Gaulle, nao wamenunua chache.

Katikati ya hizo mbili kuna ndege yenye rota za kugeuzwa. Osprey, V-22, ndiyo inayojulikana zaidi. Kwenye ncha za mabawa yake zimewekwa injini mbili, kila moja na rafadha ya kipenyo cha mita 11.6. Zikielekezwa juu, chombo hupaa wima kama helikopta. Zikiinamishwa mbele, mabawa huchukua mzigo na chombo huwa ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa. Ndani ya bawa unapita mhimili unaoziunganisha rafadha, ili injini moja ikifa ile nyingine izizungushe zote mbili. Iliruka mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1989 na kuingia kazini mwaka 2007.

Afrika Mashariki si mgeni kwake. Tarehe 21 Desemba 2013 Osprey tatu za Marekani zilitoka Djibouti kwenda kuwatoa raia wao Bor, Sudan Kusini. Zilipokaribia kutua zilimiminiwa risasi kutoka chini, wanajeshi wanne wakajeruhiwa, mafuta yakavuja. Hazikutua. Zilijongea hadi Entebbe, kilomita mia kadhaa kusini, zikijazwa mafuta angani njiani. Machi iliyofuata nyingine zilikuja Uganda kusaidia kumsaka kiongozi wa waasi Joseph Kony. Safari ile ya Bor inaonyesha kwa nini wanamaji wanaitamani: helikopta ya kawaida isingekwenda mbali vile, na ndege ya kawaida isingekuwa na pa kushuka.

Basi kwa nini isiwekewe rada? Waingereza walipokuwa wanafikiria macho ya meli zao mpya, kabla hawajaamua Crowsnest, Osprey ilikuwa miongoni mwa vilivyopimwa. Kwenye karatasi inakaribia kuwa jibu kamili. Inapanda zaidi ya helikopta, inafika kituoni haraka, inarudi kwenye sitaha isiyo na manati. Ukiikaribia kwa bisibisi mkononi, mambo yanaanza kukataa.

La kwanza ni mahali pa kuiweka rada yenyewe. Mgongoni, kama Hawkeye? Osprey ikiwa melini hukunja rafadha na kulizungusha bawa zima hadi lilale juu ya mwili kwa urefu wake, kazi ya dakika moja na nusu. Sahani mgongoni ingegongana na bawa hilo. Usipolikunja, huna nafasi ya kuiegesha chini ya sitaha. Tumboni? Chombo hukaa karibu na ardhi, kwa hiyo rada lazima iteremshwe kikiwa angani na kupandishwa kabla ya kutua, kama walivyofanya na Sea King. Nayo ikiwa chini bado ina rafadha mbili kubwa kulia na kushoto, ambazo zikiinamishwa mbele hushuka chini kuliko tumbo lenyewe. Mapanga yanayokatiza mbele ya mawimbi ya rada huyakatakata, na mwangwi wa panga linalozunguka humchanganya anayetafuta mwangwi wa kombora. Yapo mahesabu ya kompyuta ya kuusafisha, lakini kila usafi hupoteza kitu.

La pili ni watu. Chumba cha Osprey hakijazwi hewa kama cha ndege ya abiria. Kwenye mita 7,500 waliomo wanapumua kwa barakoa. Kikosi cha kuokoa watu Bor kinaweza kuvumilia hivyo kwa muda. Mtu anayetakiwa kukodolea kioo saa nne mfululizo na kutofautisha cha adui na cha kwake atachoka, na akichoka tutarudi kwenye ile Julai 6. Kuziba chumba ili kijazwe hewa ni kuunda mwili upya. Ukiamua usipande juu hivyo, umeacha nusu ya sababu iliyokufanya uache helikopta.

Halafu kuna uzito, adui wa zamani wa Niororo. Rafadha za Osprey ni ndogo ukilinganisha na rota ya helikopta yenye uzito kama wake, hivyo hulazimika kusukuma hewa kwa nguvu zaidi ili iinuke. Upepo unaoshuka huzoa vitu sitahani, na moshi wa injini zilizoelekezwa chini huchoma chuma cha sitaha. Kila kilo ya rada, ya kioo na ya kiti hupunguzwa kwenye mafuta, na mafuta ndiyo muda wa kukaa juu. Na joto la Bahari ya Hindi halijapungua tangu 1915. Injini za leo zina nguvu kubwa ajabu, ila hewa ya moto bado haibebi.

Kuhusu usalama nitasema kifupi, kwa kuwa yamesemwa sana na mara nyingi kwa ushabiki. Osprey imeua watu wengi, wakiwamo wanane walioanguka karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, tarehe 29 Novemba 2023, ajali iliyosimamisha zote zisiruke kwa miezi. Giaboksi zake ndizo zinazotiliwa mashaka zaidi. Jeshi la wanamaji la Marekani halikuziacha. Linatumia aina ya CMV-22B kupeleka mizigo na watu kwenye meli za kubeba ndege, kazi iliyokuwa ya ndege ya Greyhound, ndugu wa Hawkeye. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba Osprey haiwezi maisha ya melini. Inayaishi.

Kilichoiua Osprey ya rada, nionavyo, ni mfuko. Mmarekani mwenye fedha za kuiunda hana haja nayo kwa sababu ana manati na Hawkeye. Mwenye haja nayo ni yule mwenye meli ndogo bila manati, naye angenunua nane au kumi. Gharama ya kuchora, kujaribu na kuthibitisha chombo kipya ikigawanywa kwa kumi, kila kimoja kinapita bei ya helikopta kadhaa. Waingereza walizichukua Merlin walizokuwa nazo wakazifunga rada, na hata kazi hiyo iliyoonekana rahisi ilichelewa miaka.

Kuna namna nyingine ya kulipunguza tatizo: mwondoe mtu. Asiyepumua hahitaji chumba chenye hewa, wala kiti, wala kupokewa zamu. Mwaka 2016 kampuni ya Bell ilionyesha mchoro wa V-247 Vigilant, chombo chenye rota za kugeuzwa kisicho na rubani, kilichokusudiwa kuruka kutoka meli ndogo. Kutoa onyo la mapema ilikuwa miongoni mwa kazi zake. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani walikuwa wanatafuta hasa kitu kama hicho, kisha mwaka 2020 wakabadili mpango wakageukia ndege kubwa zisizo na rubani za kurushwa kutoka viwanja vya ardhini. Waliifanya biashara ileile ya Mafia: walipoona sitaha inagharimu mno, wakatafuta uwanja. Jambo hilo linafaa ikiwa una Mafia karibu.

Wenye uchumi mdogo wanaweza kujifunza kitu hapa kuliko wenye manowari. Boti ya doria ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar, ikitoka Kibweni usiku kusubiri mashua ya magendo ya karafuu inayovuka kutoka Pemba kwenda pwani ya Kenya ina shida ya Ingles kwa kipimo kidogo. Rada iliyo mita kumi juu ya maji inaishia kilomita 13, na mashua ya mbao, fupi, iliyolala majini, haitoi mwangwi wa maana. Hapo haihitajiki Osprey wala Hawkeye. Chombo kidogo kisicho na rubani kwenye mita 600, chenye kamera inayoona joto, kinampa nahodha duara la kilomita 88 la kuchagua pa kutazama, ingawa kamera itamwonyesha sehemu ndogo tu yake kwa wakati mmoja, na bado atahitaji mtu wa kumwambia ile ya wavuvi ni ipi.

Kwa wenye manowari, swali liko wazi. Novemba 2023 Waingereza walirusha ndege isiyo na rubani, Mojave, kutoka kwenye sitaha ya Prince of Wales na kuirudisha, bila manati wala waya. Haikuwa na rada ya kutoa onyo. Ilikuwa ni kujaribu kama mabawa marefu yanaweza kuishi kwenye meli hiyo. Crowsnest imepangwa kuondoka kazini mwaka 2029. Atakayekuja kuuza jicho jipya, liwe la mabawa au la rota za kugeuzwa, hataulizwa sana litaona umbali gani, kwa sababu hiyo mtu huipata kwa kipeuo. Ataulizwa litashukaje sitahani usiku, bahari imechafuka, mafuta yamebaki kidogo, na rada ya tani nzima bado imening'inia tumboni.